Stesheni Iliyojengwa Bila Hodi

Nchi yenyewe ipo. Msiulize iko wapi, maana wengi walioanza kuuliza hivyo waligundua kwamba wanaishi humohumo, na tangu siku hiyo hawajalala vizuri.

Katika nchi hiyo reli ilikuwa chini, kama reli za watu wengine. Ukitaka kupanda unapanda, ukitaka kushuka unashuka. Mambo yakaenda hivyo mpaka Baba Mlezi, ndiye mkuu wa nchi, aliposafiri ng'ambo kutibiwa jino. Kule, dirishani mwa hospitali, akaona treni inapita juu ya mapaa ya watu. Alirudi na jino lake lilelile bovu, lakini na dira mpya. Akatukusanya uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa linalosafiri chini haliwezi kuheshimiwa. Kuku hutembea chini. Na tai je?"

Tukapiga makofi. Nyuma yetu walisimama askari, kwa hiyo furaha yetu ilikuwa kubwa sana.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Vitu vya Juu. Ikakabidhiwa treni mpya, minara, bendera, ndege na bei za bidhaa. Waziri wake akawa Dakta Zebedayo Mpanju, msomi aliyesoma mpaka akaacha kusikia. Vilivyobaki, yaani mitaro, vyoo na mishahara, vikapewa Wizara ya Vitu vya Chini, yenye naibu waziri mmoja na baiskeli yake. Na ili wizara hizi mbili zisigombane, ikatungwa sheria nzuri kabisa: mtumishi wa Vitu vya Juu asikanyage ardhi akiwa kazini, na mtumishi wa Vitu vya Chini asiinue kichwa.

Sheria hiyo ndiyo iliyotufanya sisi kuwa samaki. Nitaeleza.

*

Wapimaji wa reli ya juu walipima wakiwa kwenye helikopta, kwa sababu ya ile sheria. Walipita juu ya mtaa wetu wa Udongo Mwekundu jua likiwa la utosi. Mtaa wetu una nyumba zilizobanana, zote zenye paa la bati, na mwaka ule tulikuwa tumetoka kuezeka upya baada ya upepo mkali. Wale waheshimiwa wakatazama chini, wakaona kitu kikubwa kinang'aa. Wakachora kwenye ramani: ziwa.

Tulipowapelekea habari kwamba hapa pana watu, walitusikiliza kwa heshima. Dakta Mpanju alitokea dirishani kwenye ghorofa ya nne, sisi tukiwa barabarani, akatujibu kwa kipaza sauti.

"Wananchi, ramani imekwisha sainiwa na Baba Mlezi. Mnataka kusema Baba Mlezi hajui ziwa?"

Hakuna aliyetaka kusema hivyo. Mwenzetu mmoja, Kondo fundi bati, akauliza kama tutalipwa fidia ya nyumba.

"Nyumba zipi?" aliuliza Waziri. "Fidia ya ziwa hushughulikiwa na Idara ya Uvuvi."

Idara ya Uvuvi wakaja kweli, lazima tuwasifu. Afisa alipita nyumba hadi nyumba na buti za maji zinazofika magotini, katikati ya kiangazi, akikagua ukubwa wa matundu ya vyandarua vyetu. Vile vyenye matundu madogo alivichukua. Alisema tunavua vifaranga. Malaria ya mwaka ule inakumbukwa na kila aliyebaki kuikumbuka.

*

Sasa Bi Sikitu binti Mafita.

Bi Sikitu alikuwa kungwi. Wanawali wa nusu ya mji wetu wamepita mikononi mwake: amewafunda kusalimu, kupokea mgeni, kukaa na mume na kumnyamazia mume ikibidi. Nyumba yake ilikuwa katikati ya mtaa, ukumbi mpana mbele, na choo chake uani, kisafi, cha saruji, chenye mlango wa mninga. Asubuhi moja alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele. Paa likafunguka. Nguzo ya zege ikateremshwa na winchi kutoka juu, ikapita kwenye bati, ikapita kwenye dari, ikasimama katikati ya ukumbi wake, pale penye mkeka.

Bi Sikitu hakupiga ukelele. Aliitazama ile nguzo tokea chini mpaka juu, kisha akasema, "Hata hodi?"

Juu, mtu akachungulia kwenye tundu. Alikuwa mhandisi. "Mama, ondoka hapo, tunaweka stesheni."

"Baba, ukija nyumbani kwa mtu unapiga hodi. Unaitikiwa, ndipo unaingia. Nani aliyekulea?"

"Mama, mimi kwenye ramani sioni nyumba."

"Basi mimi nakuona. Piga hodi."

Mhandisi alikirudisha kichwa chake, na ujenzi ukaendelea. Bi Sikitu naye akaendelea na mchele. Jioni aliuhamishia ule mkeka upande wa pili wa nguzo, akaining'inizia nguzo kanga kuukuu, akaiita Mgeni Asiye na Adabu. Wanawali waliokuja kufundwa baada ya hapo walionyeshwa ile nguzo kwanza. "Mnaona?" aliwaambia. "Huyu ndiye mume msimtake."

Akakataa kuhama. Wakamtumia amri, akasema hazimhusu kwani zimeandikwa kwa wakazi wa ziwa. Wakamtumia mgambo. Mgambo wengi walikuwa na mama zao na wake zao waliofundwa naye; waliishia kuombwa wakae, wakala, wakaosha na vyombo. Kila mwaka serikali ilitangaza kwamba ziwa litakaushwa. Kila mwaka Bi Sikitu alijibu neno lilelile: "Serikali ikipiga hodi, nitaitika. Isipopiga, simjui aliyekuja."

Mtadhani ni ukaidi wa bibi kizee. Fikirini vizuri. Hodi haipigwi porini wala ziwani. Hodi hupigwa penye mlango, na mlango una mwenyewe. Dakta Mpanju kwa usomi wake alilielewa hilo upesi, akatoa waraka: mtumishi yeyote wa umma atakayepiga hodi ndani ya eneo la ziwa atafukuzwa kazi na kunyang'anywa kiinua mgongo. Tangu hapo maafisa waliokuja mtaani kwetu waliingia majumbani kimyakimya kama wezi, na wengine, wakishazoea, waliondoka na vitu kama wezi.

*

Stesheni ikaisha. Ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Ilikuwa na vioo, saa kubwa, na kiti cha Baba Mlezi kilichofungwa mnyororo ili asikikalie mtu. Ngazi zake ziliishia hewani mbele ya nyumba ya Bi Sikitu, usawa wa kiuno cha mtu mzima, kwa sababu kipande cha kugusa ardhi kilikuwa mali ya Wizara ya Vitu vya Chini, na ile baiskeli ilikuwa imepata pancha. Bi Sikitu akatoa kinu chake, akakipindua chini ya ngazi. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya reli ya kisasa mpaka leo.

Choo hapakuwa nacho. Wizara ilieleza kwamba choo, kwa asili yake, ni kitu cha kwenda chini.

Kwa hiyo abiria walioshikwa na haja walishuka ngazi, wakakanyaga kinu, wakapiga hodi kwa Bi Sikitu. Hakumtoza mtu kitu. Alitaka hodi tu. Na kama ilivyo desturi, akishasikia hodi aliuliza, "Nani mwenzetu?" nawe ujitaje jina, ndipo akukaribishe, uvue viatu, upite ukumbini, uizunguke nguzo, utoke uani. Haukupita muda mji mzima ukawa unaiita stesheni ile Kwa Bi Sikitu.

Jina rasmi lilikuwa tofauti kidogo. Iliitwa Stesheni ya Mtukufu Baba Mlezi Dakta Shindano Kilele, na ingekomea hapo kama heshima za dunia zingekoma. Lakini kila mwaka alitunukiwa: Profesa wa Heshima, Amiri wa Amani, Mkulima Bora asiye na shamba, Ngao ya Wajane, Mbunifu wa Mvua. Kila heshima ikaongezwa kwenye jina la stesheni. Na hapo ndipo ilipowekwa ile kanuni maarufu: treni ikisimama, milango isifunguliwe mpaka jina la stesheni lisomwe lote kwenye spika, bila kurukwa neno. Likikatika katikati, msomaji aanze upya.

Msomaji alikuwa Bwana Hiari Ngwilizi, mtu mwenye sauti ya kuzindulia sanamu. Miaka ya mwanzo ungeweza kula andazi moja akiwa anasoma. Baadaye ungeweza kulikanda, ukasubiri liumuke, ukalikaanga. Abiria walizoea: walibeba sufuria, walipatana bei za mbuzi, posa mbili tatu zilikubaliwa. Lakini yupo pia Mzee Kihiyo, seremala, aliyeshikwa na moyo ndani ya behewa, mlango ukiwa unaangaliana na hospitali, wenzake wakipiga vioo kwa viatu. Bwana Ngwilizi alikuwa amefika kwenye Ngao ya Wajane. Gazeti la serikali likaandika kwamba marehemu alifariki akilisikiliza jina kwa makini.

Nimelikata gazeti hilo, nikaliweka kichwani mwangu. Haliozi.

Kulitaja jina la Bi Sikitu kukafanywa kosa. Watu wakaanza kusema "nashuka hapo." Sajini mmoja akamkamata mama mwenye mzigo wa mchicha.

"Hapo wapi?" alimfokea.

"Hapo, mwanangu."

"Mama, usinifanye mjinga. Unamaanisha Kwa Bi Sikitu?"

Behewa zima likamgeukia. Sajini alijitazama, akafungua pingu, akajifunga mwenyewe. Watu wa sheria wapo.

*

Ikafika sherehe ya kuzaliwa kwa stesheni. Iliamuliwa Baba Mlezi aje kwa treni, ahutubie akiwa juu, halafu abonyeze kitufe, na matingatinga yaliyopangwa barabarani yalikaushe ziwa, yaanze na nyumba ya Bi Sikitu. Kwa ushindi huo uliokuwa bado haujatokea, alitunukiwa asubuhi ileile heshima mpya: Mshindi wa Maji.

Siku moja kabla, Dakta Mpanju alishuka kuja kumwona Bi Sikitu. Aliwekewa zulia asikanyage ardhi. Aliingia moja kwa moja mpaka ukumbini, akasimama kando ya nguzo.

"Umeingiaje?" aliuliza Bi Sikitu, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Bibi, sikuja kubishana. Kesho utoke mapema, usije ukaumia."

"Nimekuuliza umeingiaje. Mkeo Nuriati hajambo?"

Waziri akababaika. "Hajambo."

"Nilimfunda mimi huyo. Miezi mitatu, hapo uliposimama. Anajua kubisha hodi hata kwa paka. Wewe alikufunda nani?"

"Bibi, kisheria wewe hupo. Mtu hawezi kulipigia hodi ziwa."

"Basi na wewe unazungumza na maji. Watu watasema Waziri kachanganyikiwa. Nenda, baba, usije ukalowa."

Alipotoka, sisi majirani tuliokuwa barazani tulimwangukia Bi Sikitu tumwombe alale kwingine. Kondo alisema ana chumba. Wanawake walianza kufunga vyombo.

"Wekeni chini," alisema. "Nyumba hii aliijenga mama yangu, udongo kaukanda kwa miguu yake. Nikitoka leo kwa miguu yangu, kesho watasema kweli palikuwa na ziwa, na nyinyi mtakuwa mashahidi. Kila mmoja alale kwake. Kesho msifunge milango, mrudishie tu."

*

Baba Mlezi alipanda treni stesheni ya kwanza. Sasa, katika nchi hiyo kiongozi akipita hupewa dafu, na dafu la heshima halirudishwi. Ukilirudisha umemtukana aliyekwea mnazi. Stesheni ya kwanza akanywa dafu. Ya pili akanywa. Ya tatu akina mama wa chama walikuwa na madafu mawili, la kwao na la vijana. Stesheni zilikuwa nyingi. Njia nzima alikuwa akitabasamu. Kadiri walivyokaribia kwetu tabasamu likawa limekazwa kama ngoma iliyoanikwa.

Joho lake lilikuwa na kipaza sauti kidogo kimebanwa kifuani, kimeunganishwa na spika zote za mji, ili kila neno la kihistoria liwafikie wananchi. Bwana Ngwilizi alipokikagua asubuhi alikiwasha, na kwa adabu yake hakuthubutu tena kukigusa kifua cha Mtukufu kukizima. Kwa hiyo mji mzima ulisikia yafuatayo.

Treni ilisimama. Bwana Ngwilizi akakohoa, akaanza. "Stesheni ya Mtukufu Baba Mlezi Dakta..."

"Fungua," ilisema sauti ya Baba Mlezi.

Ngwilizi akaendelea. Alifika Mkulima Bora, umeme ukakatika. Uliporudi, akaanza upya.

"Ngwilizi, nimesema fungua mlango."

"Baba, kanuni umeisaini mwenyewe."

"Naifuta."

"Sawa, Baba. Lakini kanuni haifutwi mpaka jina la anayeifuta lisomwe lote. Nilisome kwanza lile la kufutia, au hili la stesheni?"

Mji mzima ulisikia mtu anavuta pumzi kwa meno.

"La stesheni," alisema Baba Mlezi. "Na harakisha, mwanangu."

Ngwilizi hakuwahi kuharakisha maishani mwake. Alilisoma kama alivyozoea, kwa vituo, kila heshima na uzito wake, akamalizia kwa ile mpya, Mshindi wa Maji, akaivuta mpaka mwisho. Ndipo milango ikafunguka.

Hotuba haikusomwa. Baba Mlezi alishuka ngazi joho limekusanywa mikononi, walinzi nyuma, Dakta Mpanju nyuma ya walinzi. Akakanyaga kinu. Akakanyaga ardhi. Hapakuwa na zulia.

Bi Sikitu alikuwa amekaa ndani, mlango umerudishiwa. Sisi tulikuwa tumesimama kila mtu mlangoni kwake, na matingatinga yanaunguruma kwenye kona.

"Choo kiko wapi?" aliuliza Baba Mlezi.

"Kwa Bi Sikitu," walinzi wakasema kwa pamoja, kisha wakaziba midomo.

Mlinzi mmoja akanyoosha mkono kuusukuma mlango. Kutoka ndani ikaja sauti, wala si kali. "Asiyepiga hodi humu haoneshwi uani. Na ufunguo wa huko uani ninao mimi kibindoni."

"Baba, usipige," Dakta Mpanju alinong'ona, na minong'ono yake ikasikika mpaka bandarini. "Ukipiga hodi umekubali kuna nyumba. Hili ni ziwa, Baba. Ulisaini."

Baba Mlezi alimtazama Waziri wake. Magoti yalikuwa yamegusana.

"Zebedayo," alisema, "ziwa lina choo?"

Akaugeukia mlango.

"Hodi."

Ndani tulisikia mchele unapepetwa kwenye ungo, sha, sha. Sote tunajua hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni anaondoka.

"Hodi, jamani."

Sha, sha. Hata matingatinga yalizimwa. Madereva walitaka kusikia.

Na ya tatu aliipiga kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia katika hotuba yoyote. "Hodi, mwenye nyumba. Tafadhali."

Ungo ukatuliwa.

"Nani mwenzetu?"

Baba Mlezi alifungua mdomo. "Mtukufu Baba Mlezi Dakta..." akakoma. Njia ilikuwa ndefu na muda haukuwepo. Akashika fremu ya mlango. "Ni mimi, mama. Shindano."

"Shindano wa nani?"

"Wa Mwajuma. Wa Mwajuma muuza mihogo."

"Namjua mama yako. Karibu, Shindano. Vua viatu. Uizunguke hiyo nguzo taratibu, uliiweka wewe."

*

Kesho yake redio ilitangaza kwamba sauti iliyosikika ilikuwa ya mwigizaji aliyelipwa na maadui. Keshokutwa ikatangaza kwamba ilikuwa ya Baba Mlezi, ila alikuwa akifanya mazoezi ya unyenyekevu. Dakta Mpanju alihamishiwa Wizara ya Vitu vya Chini, akakabidhiwa baiskeli. Bado yuko kwenye pancha. Ramani ikachorwa upya. Ziwa lipo palepale, la bluu, lakini sasa lina kisiwa kimoja kidogo chenye ukubwa wa nyumba, na choo chake uani.

Yule dereva wa tingatinga la mbele alishuka siku ileile, akaenda mlangoni kwa Bi Sikitu, akapiga hodi, akajitaja, akaomba maji ya kunywa. Hajalipanda tena lile dude. Liko kwenye kona, kuku wanatagia kwenye kiti.

Wapo wanaosema tushukuru, tumeshinda. Tumeshinda nini? Nguzo ingali ukumbini. Mzee Kihiyo hajafufuka. Vyandarua havijarudi. Nyumba moja imepigiwa hodi, na zetu zote bado ni maji.

Kwa hiyo tumekaa ndani. Milango hatujaifunga, tumeirudishia tu, kama alivyotuelekeza kungwi. Waje, na vyeo vyao na magari yao, tutawasikia tangu kwenye kinu. Wapige hodi ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nasi tutautua ungo polepole, tutauliza: nani mwenzetu? Na safari hii jina refu hatulipokei.